Mahakama imekataa rufaa nyingine: pita hapa kwanza kabla hujafungua kesi mpya

Wakuu habari zenu. Hii itakuwa ndefu kidogo naomba mnivumilie, maana wiki iliyopita nimekaa tena na mzee mmoja kaja na mfuko wa rambo umejaa makaratasi, tukayatandaza mezani tukaanza kuyapanga kwa tarehe, mle ndani kuna mashauri manne na yote manne ni ya kiwanja kilekile. La kwanza alishindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. La pili ni rufaa yake Mahakama Kuu, akashindwa. La tatu limefunguliwa kwa jina la mwanae, la nne kafungua mwenyewe ila safari hii kamuongeza mwenyekiti wa kijiji awe mdaiwa wa pili. Hayo mawili ya mwisho hakusikilizwa hata shahidi mmoja, yamefia kwenye pingamizi la awali na kote kaambiwa alipe gharama za mwenzake. Ng'ombe wawili wameshauzwa. Na bado kuna mtu kamwambia ipo njia nyingine, anataka tu hela ya kuanzia.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, na kazi yangu kubwa ni kuwasomea watu karatasi zao na kuwaambia wamesimama wapi. Ninayoyaandika ni ya Tanzania Bara, hasa mashauri ya madai na ardhi, jinai ntaigusa kidogo mwishoni. Zanzibar wana utaratibu wao, kwa mfano mambo yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi hayaji Mahakama ya Rufani kabisa.

HATUA YA 1: Fungua ukurasa wa mwisho wa uamuzi utafute neno moja

Usianze kusoma mwanzo. Nenda mwisho, pale jaji anaposema ameamua nini. Kuna maneno mawili watu wanayachanganya na tofauti yake ni kubwa mno. Shauri "limeondolewa mahakamani" au "limefutwa", alafu kuna shauri "limetupiliwa mbali". Kama nakala yako ni ya Kiingereza, la kwanza limeandikwa struck out na la pili dismissed.

Likiondolewa maana yake lilikuwa na kasoro, labda kiapo kimekosewa, labda nyaraka fulani haimo, labda umeingilia mlango usio wako. Madai yenyewe hayajaamuliwa. Unaweza kurekebisha ukarudi, ilimradi muda wa kisheria haujakuishia, na mara nyingi unakuwa umekuishia kwahiyo inabidi uanze na maombi ya kuongezewa muda. Likitupiliwa mbali baada ya kusikilizwa, hapo limeamuliwa, na kurudi na kitu kilekile kwenye mahakama ileile hamna.

Hii tofauti sio ya juzi. Mwaka 1959 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliieleza kwenye shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo na mpaka leo majaji wanalinukuu. Shauri hilohilo ndo lilisema pia kwamba kinachoangaliwa ni kilichofanyika kweli na sio neno peke yake, yaani mahakama ikiandika imetupilia mbali wakati rufaa yenyewe haikusikilizwa kwasababu ilikuwa na kasoro, jambo hilo linaweza kujengewa hoja. Kwahiyo ukishaliona neno rudi kurasa mbili tatu nyuma uone kwanini limetumika.

Angalia na haya matatu wakati uko hapohapo. Kama kesi ilitupwa kwasababu hukutokea siku ya kusikilizwa, dawa yake sio kufungua mpya, ni kuomba kesi irudishwe, na una siku 30 tu. Kama uliiondoa mwenyewe, tafuta kama mahakama ilikupa ruhusa ya kuifungua tena, bila ruhusa hiyo umeifunga kwa mkono wako. Na kama ilitupwa kwakuwa imepitwa na muda, usidanganyike kwamba haikusikilizwa, hiyo huwezi kuirudisha kwa kuifungua upya.

HATUA YA 2: Chora ngazi uliyopanda

Chukua karatasi andika kesi ilianzia wapi. Hili linabadilisha kila kitu na watu hawalipi uzito. Ilianzia Mahakama ya Mwanzo? Basi rufaa ya kwanza ni Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, kutoka hapo Mahakama Kuu siku 30 nyingine. Ilianzia Baraza la Ardhi la Wilaya? Unaenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Ilianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kama kesi ya madai ya kawaida? Kupinga hukumu na tuzo yake (ile amri inayotokana na hukumu, decree) una siku 90. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani unaweka notisi ya rufaa ndani ya siku 30, alafu rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi, na ule muda uliosubiri nakala za mwenendo unaweza kuondolewa kwenye hesabu kama uliomba nakala kwa barua ndani ya siku 30 za hukumu, mwenzako ukampa nakala ya barua hiyo, na msajili akakupa cheti cha kuchelewa. Hiyo barua ndo watu wengi wanaisahau.

Juu ya Mahakama ya Rufani hakuna kitu. Wenzetu Kenya na Uganda wana mahakama ya juu zaidi, sisi hatuna. Mahakama yetu ya Rufani ilianza 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na ndo kilele. Sasa ukiona karatasi yako ya mwisho imetoka huko na imetupilia mbali rufaa, ujue ngazi imeisha, kilichobaki ni mapitio tu ambayo ntayaeleza chini na ni kitundu kidogo sana.

HATUA YA 3: Kama Mahakama Kuu imekunyima cheti

Hapa ndo wanapokwama wengi wa mirathi na madai yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo. Sheria inasema kesi ya namna hiyo haiendi Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu yenyewe ithibitishe kwa cheti kwamba ndani yake kuna hoja ya kisheria. Kesi za ardhi zilizoanzia mabaraza ya kata nazo zina masharti hayohayo, na zipo bado zinazunguka ingawa tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Ile ruhusa ya kukata rufaa iliyokuwa inaombwa kwenye mashauri mengine mengi ya madai iliondolewa kwa marekebisho ya sheria ya 2023, watu wakasikia "ruhusa imefutwa" wakadhani na cheti kimefutwa. Hapana, ni vitu viwili.

Kwanini unanyimwa? Mara nyingi ni kwasababu ulichoandika sio hoja ya kisheria, ni malalamiko. "Jaji hakuwaamini mashahidi wangu" ni ushahidi huo. "Mpaka wa shamba uko kwenye mwembe sio kwenye mnazi" ni ushahidi. Hoja ya kisheria ni kama hii: baraza halikuwa na mamlaka na thamani ya kiwanja kile, au uamuzi ulitolewa kwa jambo ambalo pande mbili hazikupewa nafasi ya kulizungumzia, au jaji ametumia kifungu kilichokwisha futwa. Tena iwe inatokana na kesi yenyewe, ukiibua jambo jipya ambalo halijawahi kusemwa huko chini inakuwa ngumu, labda iwe la mamlaka ya mahakama ambalo linaruhusiwa muda wowote.

Alafu kuna mpangilio. Notisi ya rufaa inatangulia, maombi ya cheti yanafuata. Ukigeuza unaondolewa mahakamani hata kama hoja yako ni nzuri.

Sasa umeshanyimwa. Jiulize umenyimwa kwa kasoro au kwa hoja. Kama ni kasoro, unatengeneza unarudi. Kama jaji amezipima hoja zako akasema hamna jambo la kisheria hapa, huwezi kwenda wiki ijayo kwa jaji mwingine wa mahakama hiyohiyo na hoja zilezile zimebadilishwa maneno, na huwezi kuruka ukaenda Rufani bila cheti. Nawaambia wanaokuja kwangu wazi kwamba kwa kesi nyingi hapo ndo mwisho, na nikimwambia mtu hivyo huwa kimya kinatanda mpaka unasikia feni.

Kipo kitu kimoja ambacho hakijafungwa. Kama ulichonyimwa sio cheti chenyewe bali ni kuongezewa muda wa kuomba cheti, au wa kuweka notisi, sheria inakupa nafasi ya pili moja kwa moja Mahakama ya Rufani, ila ni ndani ya siku 14 tangu Mahakama Kuu ikukatalie. Siku 14 ni chache. Siku hiyohiyo ya uamuzi andika barua ya kuomba nakala ya uamuzi na amri, usingoje upoe hasira.

HATUA YA 4: Hesabu siku, usikadirie

Kuongezewa muda kunawezekana kisheria ila watu wanadhani ni haki yao, sio. Shauri linalonukuliwa karibu kwenye kila uamuzi wa namna hii ni la Lyamuya, namba 2 la 2010, na limeweka vipimo: ueleze kipindi chote ulichochelewa, uchelewaji usiwe wa kupitiliza, uonyeshe ulikuwa na bidii na haukuzembea, na kama zipo sababu nyingine nzito kama uamuzi kuwa na uharamu wa kisheria uziseme. Kipindi chote maana yake chote. Ukisema niliumwa, toka lini mpaka lini, cheti cha hospitali kiko wapi, na zile siku kumi na mbili baada ya kutoka hospitali ulikuwa unafanya nini? Mimi huwa nachukua kalenda ya ukutani na biro, tunazungushia kila siku tunaandika pembeni, siku isiyo na maelezo tunaiona hapohapo.

Hoja ya uharamu ilipata nguvu kwenye uamuzi wa 1992 wa Katibu Mkuu Wizara ya Ulinzi, kwamba ikidaiwa uamuzi wenyewe ni haramu basi mahakama iongeze muda jambo hilo lichunguzwe. Watu wakaigeuza ndo fimbo ya kila mlango, kila aliyechelewa anaandika "uamuzi una uharamu". Lyamuya ikabana, uharamu uonekane waziwazi kwenye kumbukumbu zenyewe, kama suala la mamlaka, sio kitu cha kutafutwa kwa maelezo ya kurasa kumi.

HATUA YA 5: Mapitio, na kwanini karibu yote yanakataliwa

Mapitio ni kuiomba mahakama ileile iangalie tena uamuzi wake. Yapo ya aina mbili na naomba hapa usome taratibu.

Kwenye mahakama za chini na Mahakama Kuu kwa shauri la madai, unaweza kuomba mapitio ndani ya siku 30 kama umepata ushahidi mpya na muhimu ambao hata kwa bidii yako yote usingeweza kuupata wakati wa kesi, au kuna kosa la wazi kwenye uamuzi, au sababu nyingine ya kutosha, na uwe hujakata rufaa. Mfano umepata hati ya mauzo iliyokuwa imefichwa na ndugu. Lakini hati iliyokuwa kabatini kwako miaka yote, ukaivivia kuitafuta, hiyo sio mpya.

Kwenye Mahakama ya Rufani ni Kanuni ya 66 ya Kanuni za 2009, na sababu ni tano tu. Kosa la dhahiri kwenye uamuzi lililosababisha haki kupotea. Ulinyimwa nafasi ya kusikilizwa isivyo halali. Uamuzi ni batili. Mahakama haikuwa na mamlaka. Au hukumu ilipatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haumo. Naona mtu analeta barua ya mtaalamu wa ardhi iliyoandikwa baada ya rufaa kuisha anataka iingie kwenye mapitio, haiingii.

Na kosa la dhahiri ni lipi? Mahakama ya Rufani ilieleza vizuri 2004, kwamba ni kosa ambalo mtu anayepita mbio akisoma analiona, sio linalohitaji kujengewa hoja ndefu ambayo watu wawili wanaweza kubishana wote wakawa na maana. Jaji ameandika ekari 3 mahali ushahidi wote unasema 13 na akagawa kwa hesabu hiyo, hilo ni kosa la dhahiri. Jaji amemuamini shahidi wa pili kuliko wa tatu, hapana, hata kama moyo wako unauma na hata kama unajua yule shahidi alikuwa anasema uongo na huna namna ya kuuthibitisha.

Muda ni siku 60 tangu uamuzi. Majaji ni walewale waliokuhukumu kadiri inavyowezekana, ndo watakaokaa tena, kwahiyo usitegemee sura mpya. Ukichelewa na ukaomba kuongezewa muda, haitoshi kueleza kwanini umechelewa, inabidi uonyeshe na sababu ipi kati ya zile tano utaitumia. Na ukishafanyiwa mapitio ukakataliwa, hayaombwi mapitio ya mapitio. Kanuni imelifunga kabisa hilo.

HATUA YA 6: Kabla ya kufungua kesi mpya, jipime mwenyewe kama mwenzako atakavyokupima

Hii ndo iliyommaliza yule mzee. Wanasheria wanaiita res judikata, jambo lililokwisha kuamuliwa, na iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai kifungu cha 9. Ndugu yake ni kifungu cha 8, kinachokataza kufungua ya pili wakati ya kwanza bado inaendelea.

Wakili wa upande wa pili atakachofanya ni kuchukua hati yako ya madai ya zamani na mpya aziweke sambamba. Fanya hivyo wewe kwanza, usiku mmoja nyumbani kwako na kalamu. Je jambo linalobishaniwa ni lilelile? Je watu ni walewale, au wanaodai kupitia kwao? Je mnasimama kwa haki ileile? Je mahakama ya kwanza ilikuwa na mamlaka? Je ilisikiliza ikaamua mpaka mwisho? Ikiwa yote ni ndiyo, umefungwa.

Hilo la "wanaodai kupitia kwao" lichukue kwa uzito. Mtoto anayesema kiwanja alipewa na baba yake anadai kupitia kwa baba. Msimamizi wa mirathi wa marehemu aliyeshindwa kesi anadai kupitia kwa marehemu. Mtu aliyeuziwa na aliyeshindwa baada ya kesi kuisha anadai kupitia kwa muuzaji. Kubadili jina juu ya karatasi hakubadili kitu, na kumuongeza mwenyekiti wa kijiji kama mdaiwa wa pili hakubadili kitu kama ubishi kati yako na jirani ni uleule. Yule mzee nilimuuliza, mzee wangu, mwanao hiki kiwanja alikipataje? Akajibu nilimpa mimi. Nikamwambia basi na kushindwa kwako amekipokea pamoja na kiwanja. Alikaa kimya muda mrefu.

Kuna maelezo mengine mawili chini ya kifungu hicho ambayo watu hawayajui. Moja, jambo ambalo ungeweza na ulipaswa kulisema kwenye kesi ya kwanza ukanyamaza, linahesabika kama lilisemwa likaamuliwa. Kwahiyo kama kesi ya kwanza ulisema umenunua ukashindwa, huwezi kurudi ya pili ukasema kumbe nimekaa hapo zaidi ya miaka 12 ni langu kwa kukaa, ulipaswa kuyasema yote mawili mara ya kwanza. La pili, nafuu uliyoiomba kwenye hati ya madai na mahakama haikuigusa, inahesabika imekataliwa. Uliomba kiwanja na fidia ya migomba, hukumu ikakupa kiwanja ikanyamaza kuhusu migomba, migomba huwezi kuifungulia kesi yake, ulipaswa kukata rufaa kwa hicho kipande.

Alafu kuna kugawanya madai. Tuseme wewe ndo mwenye nyumba na mpangaji unamdai kodi ya miaka mitatu yote imeshaiva, ukamshtaki kwa mwaka mmoja ukiwaza ngoja nione kwanza upepo. Ile miwili uliyoiacha huwezi kurudi kuidai. Weka yote siku ya kwanza.

HATUA YA 7: Yapo ambayo hayajafungwa

Nisije nikakukatisha tamaa hata pale ambapo unayo haki. Tukio jipya ni dai jipya. Kama hukumu ilisema mpaka uko hapa na mwakani jirani akauvuka tena, hiyo ni kesi mpya kwasababu ni kosa jipya. Kodi ya miezi iliyofuata baada ya hukumu ni deni jipya.

Malezi ya watoto na matunzo yao yanaweza kubadilishwa. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kurekebisha amri yake kama ilitolewa kwa kupotoshwa au kwa kukosea jambo la ukweli, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mama aliyepewa watoto amehama, amepata maradhi, baba amepoteza kazi, haya yanasikilizwa. Hapo hukati rufaa, unaenda kwenye mahakama iliyotoa amri unaomba irekebishwe, na usimwache mtoto ateseke kwasababu mtu kakwambia hukumu haiguswi.

Kuachiwa au kufungwa kwenye jinai ya kuingia ardhi ya mtu hakuamui nani mmiliki, kesi ya umiliki inabaki wazi. Na kama wewe hukuwa mhusika kabisa kwenye kesi ambayo imekuathiri, mfano shamba lako limeingizwa kwenye ugomvi wa watu wawili wengine na dalali wa mahakama anakuja kulikamata, una njia zako: unaweka pingamizi kwenye mahakama inayokaza hukumu, yaani inayoitekeleza, ukishindwa pale unaruhusiwa kufungua shauri la kuthibitisha haki yako, na kama uamuzi ni wa Mahakama Kuu, kwakuwa asiyekuwa mhusika hakati rufaa, unaomba marejeo (revision, sio yale mapitio ya Hatua ya 5) Mahakama ya Rufani ndani ya siku 60.

HATUA YA 8: Hukumu itakazwa, jipange

Ukishindwa mwisho kabisa, mwenzako ana miaka 12 ya kukazia hukumu yake. Kukaa kimya hakuiui. Mabishano yote kuhusu kukaza, kwamba anakamata kisichokuwemo, kwamba umeshalipa nusu, yanaamuliwa na mahakama hiyohiyo inayokaza, usifungue kesi nyingine pembeni. Kama rufaa yako bado iko hai Mahakama ya Rufani na umepata notisi ya kukazia hukumu, maombi ya kusimamisha unayapeleka ndani ya siku 14 na utatakiwa kutoa dhamana. Kama hamna rufaa iliyo hai, kusimamisha kunakuwa hakuna cha kushikia.

Kuhusu jinai na nje ya nchi, kwa ufupi. Aliyemaliza rufaa na mapitio ya jinai amebaki na msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, na msamaha haufuti kwamba ulihukumiwa kwa namna rufaa ingefuta. Mnakumbuka wale wanamuziki Babu Seya na mwanae Papii Kocha, walihukumiwa kifungo cha maisha 2004, Mahakama ya Rufani 2010 ikawaachia watoto wengine wawili wa Babu Seya, wao wakabaki, mapitio yakakwama 2013, wakatoka kwa msamaha Desemba 2017. Mahakama ya Afrika pale Arusha sio ngazi ya rufaa, inaangalia haki za binadamu, na tangu Tanzania ijiondoe kwenye lile tamko lililoruhusu watu binafsi, kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mwananchi hawezi tena kupeleka shauri jipya moja kwa moja dhidi ya Tanzania. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo sio ya rufaa, inaangalia uvunjaji wa Mkataba wa Jumuiya, na ina miezi 2 tu. Mtu akikuomba hela akupeleke Arusha kwa ajili ya kiwanja, muulize kwanza hayo mawili.

Na hapo niseme kuhusu vishoka. Anayekuambia "tunafungua upya kwa jina lingine" bila kuomba kuona hukumu ya zamani, mkimbie. Muombe wakili akuonyeshe kwamba ana leseni ya mwaka huu, wa kweli hakasiriki. Na kabla ya kulipa chochote ingia TanzLII, tovuti yenye hukumu za mahakama zetu, ni bure, tafuta uamuzi unaofanana na wako, andika "res judicata" na neno ardhi au mirathi usome mitatu tu. Ukikuta yote mitatu aliyefanya kama unavyotaka kufanya ametupwa, umeshapata jibu bila kutoa senti.

Yule mzee tulimaliza hivi. Tuliacha kabisa habari ya kesi ya tano. Tukajumlisha gharama alizoamriwa kwenye yale mashauri mawili, tukaandika barua kwa mwenzake kupitia wakili wake kuomba alipe kwa awamu nne baada ya mavuno, na aruhusiwe kuvuna mahindi yaliyopo shambani kabla hajatoka. Barua imejibiwa juzi, mahindi wamekubali, awamu wanataka ziwe tatu.